Filamu za Scrooge na deni linalofichwa

Desemba ikishaanza kunoga, mjadala uleule unarudi kwa wapenzi wa filamu hapa Dar es Salaam: nani amemwigiza Scrooge vizuri kuliko wote? Wazee wa sinema za zamani watakuambia ni Alastair Sim wa mwaka 1951, na hawataki kusikia jina jingine. Waliokulia kwenye kanda za video wanamtaja George C. Scott. Watoto wa miaka ya tisini wana Michael Caine aliyezungukwa na vikaragosi, na wadogo zao wana Jim Carrey. Ni mjadala mtamu, ila unaishia kwenye sura, sauti na namna ya kununa. Mimi kila toleo naliuliza swali moja, nalo linapangua kabisa orodha ya washindi: filamu hii imelifanyia nini deni?

Kwa ambaye hajakutana na kisa chenyewe, ni hadithi fupi ya mwandishi Mwingereza Charles Dickens, A Christmas Carol, iliyotoka London tarehe 19 Desemba 1843. Ebenezer Scrooge, mzee bahili, anatokewa usiku wa kuamkia Krismasi na mbia wake Jacob Marley, aliyefariki miaka saba nyuma, kisha na roho watatu wanaomwonyesha alikotoka, alipo na anakoelekea. Asubuhi anaamka mtu mwingine. Anainunulia bata mzinga familia ya karani wake, Bob Cratchit, anamwongezea mshahara, na anakuwa kama baba wa pili kwa Tim, mtoto mgonjwa wa karani huyo. Miezi michache baada ya kitabu kutoka, majukwaa ya London yalikuwa tayari yanakiigiza. Mwaka 1901 Waingereza walikitengenezea filamu bubu ya dakika chache, na tangu hapo kimekuwa kikirudi kwenye skrini kizazi baada ya kizazi.

Wengi wetu tumekipokea kama hadithi ya moyo mgumu uliolainika. Sawa, lakini moyo ule ulikuwa na kazi ya kufanya kila siku asubuhi. Jina la kampuni, Scrooge na Marley, limeandikwa juu ya mlango wa ofisi ya hesabu. Marley anapotokea amejifunga mnyororo, na Dickens anatutajia pingu zake moja moja: masanduku ya fedha, funguo, kufuli, madaftari ya hesabu, hati, na mikoba mizito ya chuma. Vyote hivyo ni vifaa vya ofisi yake.

Kisha kuna sehemu ya sura ya nne ambayo ningependa kila anayesoma makala hii aitafute. Scrooge ameonyeshwa maiti isiyo na wa kuilia, hajajua bado kwamba ni yake. Anamsihi roho amwonyeshe japo mtu mmoja mjini humo aliyeguswa na kifo hicho. Roho anampeleka kwenye nyumba ya mke na mume. Mama yuko na watoto, anatembea huku na huku, anachungulia dirishani, anaangalia saa. Mume anaingia, kijana bado lakini uso umechoka, anakaa mbele ya chakula alichowekewa karibu na moto. Mke anauliza: ni habari njema au mbaya? Mbaya. Basi tumekwisha? Hapana, Caroline, bado kuna tumaini. Mke anasema labda akituhurumia. Mume anajibu kwamba huyo hawezi tena kuhurumia, amekufa. Caroline anamshukuru Mungu kwa sauti, mikono ameikutanisha, halafu papo hapo anaomba msamaha kwa kushukuru. Anauliza deni litahamia kwa nani. Mume hajui, lakini anasema mpaka lihamie watakuwa wamepata pesa, na hata wasipopata, itakuwa bahati mbaya sana kumwangukia mkopeshaji mwingine katili namna ile. Usiku huu tutalala na mioyo myepesi, Caroline.

Hiyo ndiyo hisia pekee ambayo roho anaipata London nzima juu ya kifo cha Scrooge: nafuu ya watu anaowadai. Dickens hakuibuni akiwa amekaa kitini. Mwaka 1824 baba yake alifungwa katika gereza la Marshalsea kwa kushindwa kulipa deni, mama na wadogo zake wakahamia humo humo gerezani, na Charles, mtoto wa miaka 12, akapelekwa kiwandani kubandika lebo kwenye vyombo vya rangi ya viatu. Anapoandika mwanamke anayechungulia dirishani akingoja jibu la mkopeshaji, anaandika nyumba anayoijua.

Nasi tunaijua. Mtu wa Dar hahitaji kuelezewa mikopo ya kausha damu. Mama anayeuza mboga Tandika au Buguruni anachukua mkopo wa kuongeza mtaji, na marejesho yanaanza kabla nyanya za kwanza hazijauzika. Kijana wa marejesho anapita genge kwa genge na daftari mkononi. Siku ukikosa, wenzako wa kikundi, walewale mnaoabudu pamoja na kuzikana pamoja, wanakuja kubeba kochi, televisheni, hata godoro, kwa sababu usipolipa wewe watalipa wao. Mwalimu anamwachia mkopeshaji kadi yake ya benki pamoja na namba ya siri, na mwisho wa mwezi mshahara wake unatolewa na mtu mwingine kwenye mashine. Halafu zikaja programu za kukopesha kwa simu, zikawa zinawatumia ujumbe ndugu, majirani na bosi wako kwamba wewe ni mdaiwa sugu. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza kuzipiga marufuku programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha mtandaoni bila leseni. Na Desemba ndiyo mwezi wenyewe: nguo za watoto Kariakoo, nauli ya kwenda Moshi au Bukoba, halafu Januari na ada. Mwenye kukopa anakopa sasa.

Kwa hiyo naangalia filamu hizi nikiwa na Caroline kichwani. Nyingi zimemtupa.

Toleo la MGM la mwaka 1938, na Reginald Owen kama Scrooge, nalipita haraka. Ni la dakika 69, safi, limejaa tabasamu, na Bob Cratchit wake ni mtu mnene mwenye siha ambaye huwezi kuamini kwamba anaishi kwa shilingi 15 kwa wiki. Hollywood ilitaka filamu ya familia, ikaondoa karibu kila kitu kinachouma: mchumba aliyemwacha Scrooge kwa sababu ya tamaa, wezi wanaogawana vitu vya marehemu, na wale watoto wawili waliojificha chini ya joho la roho wa pili, mvulana Ujinga na msichana Ufukara. Ukiondoa hayo unabaki na mzee mwenye hasira aliyelala vibaya.

Toleo la 1951, lililoongozwa na Brian Desmond Hurst, ni kitu kingine kabisa, na wanaolipenda nawaelewa. Alastair Sim anajua kuogopa. Macho yake makubwa yanaonyesha mtu anayejua tangu mwanzo kwamba amekosea njia, ila amechelewa. Filamu inafanya kazi ambayo kitabu hakikuifanya: inatuonyesha hatua kwa hatua jinsi Scrooge kijana alivyotoka kwa Fezziwig, tajiri aliyewatendea wafanyakazi wake utu, akavutwa na mfanyabiashara Jorkin, na baadaye yeye na Marley wakaitumia aibu ya wizi wa Jorkin kuinunua kampuni kwa kuziba pengo la fedha mfukoni mwao, mradi wapewe hisa nyingi kuliko wote. Hapo unaona kwamba ubahili ulianza kama ujuzi wa kazi. Alisifiwa kwanza, akawa mgumu baadaye.

Na deni lipo. Mwanzoni kabisa mtu anaitwa Samuel Wilkins anamkimbilia Scrooge kuomba muda, amemkopa paundi 20, na anataja Krismasi. Scrooge anamjibu kwamba hata ingekuwa joto la Agosti bado angekuwa anadaiwa paundi 20 asizoweza kulipa. Jibu la kikatili, lakini la mtu anayejua sheria iko upande wake. Sasa fuatilia mwisho. Furaha ya asubuhi ya Krismasi inamwendea Bi. Dilber, mfanyakazi wa ndani, ambaye mshahara wake unapandishwa kutoka shilingi 2 kwa wiki hadi 10 na anapiga kelele akidhani bosi amerukwa na akili. Inamwendea mpwa wake Fred. Inamwendea Cratchit. Wilkins namngoja kila nikiitazama, naye haji. Mkopaji aliletwa ili tumwone Scrooge ni mbaya, kazi yake ikaisha. Kwa uigizaji, hakuna filamu ya Scrooge inayoifikia hii. Kwa haki, ina pengo la paundi 20.

Toleo la nyimbo la mwaka 1970 watu wa sinema nzito hulidharau. Albert Finney alikuwa hajafika hata miaka 35 alipopakwa uzee usoni, nyimbo za Leslie Bricusse ni nyingi, na kuna mahali Scrooge anashushwa mpaka jehanamu. Nalitetea bila kusita, kwa sababu mwongozaji Ronald Neame ndiye aliyeelewa kwamba wadaiwa wa Scrooge ni mtaa mzima. Usiku wa kuamkia Krismasi mzee anafunga ofisi na badala ya kwenda nyumbani anapita barabarani na daftari, akiwadai wachuuzi wadogo mmoja mmoja, akiwemo Tom Jenkins, muuza supu. Mtu yeyote aliyesimama asubuhi penye mama lishe na machinga kituoni akaona kijana wa marejesho anavyokatiza katikati ya wateja, atalitambua tukio hilo bila kutafsiriwa.

Kisha linakuja lile la siku zijazo. Umati umejaa nje, Tom Jenkins anapanda juu ya jeneza na kucheza, na watu wote wanaimba kumshukuru Scrooge kwa jambo jema kuliko yote aliyowahi kuwafanyia. Jambo lenyewe ni kufa. Scrooge haoni jeneza. Anadhani wanampenda, anaingia katikati ya umati, naye anacheza. Hofu niliyoipata hapo sijaipata kwenye kaburi la filamu nyingine yoyote ya kisa hiki. Nyumba ya Caroline, ambayo Dickens aliiweka kimya kati ya kuta nne, imegeuzwa kuwa shangwe ya barabarani, na kilichomo ndani hakijapotea: watu wema wamefikishwa mahali pa kufurahia msiba. Mwishoni, Scrooge akiwa hai na amevaa kama Baba Krismasi, anafuta madeni mbele ya wenye madeni, na wimbo uleule unaimbwa tena, safari hii usoni kwake. Wameuimba mara mbili, na ni daftari lililoamua waimbe kwa nini.

Katuni ya Disney ya mwaka 1983, ya dakika 26 tu, ambayo wazazi huwawekea watoto ili wapate kupika pilau kwa utulivu, inalijua deni kuliko ile ya MGM. Sikiliza bata anayemwigiza Scrooge anavyohesabu fedha zake: riba ya asilimia 80, inayozidishwa kila siku. Baadaye anaichukua nyumba ya mchumba wake mwenyewe kwa sababu malipo yalichelewa kwa saa moja. Watoto wanacheka, na wacheke. Lakini riba ya kila siku na adhabu ya saa moja si vichekesho kwa mama yao.

Filamu ya vikaragosi ya 1992 nayo ina nguvu zake. Michael Caine anaigiza kana kwamba wenzake wote ni watu, hakonyezi kamera hata mara moja, na Scrooge wake ni mwenye kushika rehani waziwazi: anamtupa mlangoni mtu aliyekuja kuomba muda, na anapoambiwa kesho ni Krismasi, anaagiza barua za kuwatoa watu nyumbani zifungwe kama zawadi. George C. Scott, mwaka 1984, ni tajiri wa soko la nafaka. Wanunuzi waliochelewesha uamuzi anawapandishia bei kwa asilimia 5 papo hapo, kwa utulivu wa mtu asiyehitaji kupaza sauti. Huyo ndiye Scrooge ninayekutana naye hasa katika maisha: hana kisirani, ana kikokotoo. Toleo la Robert Zemeckis la mwaka 2009, lililomnasa Jim Carrey miondoko na kumchora kwa kompyuta, lina maneno mengi ya Dickens na mbio nyingi zaidi za farasi weusi; mbio zimeyameza maneno.

Limebaki toleo gumu kuliko yote, tamthilia ya BBC ya mwaka 2019 katika sehemu tatu, iliyoandikwa na Steven Knight, na Guy Pearce ndiye Scrooge. Siwashauri muiweke sebuleni watoto wakiwepo. Scrooge na Marley hapa wananunua viwanda na migodi, wanabana gharama za usalama, watu wanakufa, vitabu vya hesabu vinapendeza. Mary, mke wa Cratchit, anakuja kukopa pesa za matibabu ya Tim, na Scrooge anamdhalilisha vibaya sana kabla ya kumpa, ili tu aone heshima ya mtu maskini inauzwa kwa bei gani. Nimesoma malalamiko mengi kwamba Knight aliitia hadithi giza. Giza lilikuwepo. Mkopeshaji anayeshika shida yako ana nguvu juu ya mwili wako na jina lako, na wanawake wa mjini hapa wanaofuatwa na wadai wao usiku wanalijua hilo bila kuambiwa na BBC.

Ambacho Knight amekifanya na wengine wote hawakuthubutu ni kumpa mdaiwa haki ya kutosamehe. Scrooge aliyebadilika anaifunga kampuni na kuwapa akina Cratchit fedha nyingi. Mary anazipokea, kwa sababu ana mtoto mgonjwa, na anamwambia wazi kwamba hazimnunulii msamaha. Naye Scrooge hauombi. Kosa la tamthilia hii ni kwamba, kwa kuogopa utamu, imeua furaha pia, na Dickens bila furaha ni nusu yake. Mtu aliyefutiwa deni hucheza. Neame alilijua hilo mwaka 1970.

Rafiki zangu wawili watatu niliowaeleza haya wameniambia nakigeuza kisa cha Krismasi kuwa somo la uchumi. Nawajibu kwa bei ya kitabu chenyewe. Kiliuzwa shilingi 5, na Bob Cratchit analipwa 15 kwa wiki. Angetaka kukisoma kisa chake mwenyewe angetoa theluthi ya mshahara wa wiki. Mwaka ule ule wa 1843 Dickens alikuwa amesoma ripoti ya serikali kuhusu watoto wanaofanya kazi migodini na viwandani, akapanga kuandika kijitabu cha kuilaumu nchi, kisha akaona hadithi itapiga kwa nguvu zaidi. Alichanganya hesabu na machozi kwa makusudi. Anayetenganisha ni sisi.

Jiji hili lina uzoefu wa kuzifanya filamu za watu kuwa zake. Kwenye mabanda ya video marehemu Derek Mukandala, Lufufu, alikuwa akisimulia filamu za nje kwa Kiswahili chake, anaongeza, anapunguza, anamfananisha jambazi wa Hong Kong na mtu wa mtaani unayemfahamu, na watu walilipa kumsikia yeye. Wasomaji wa Kiswahili tumekuwa na mkopeshaji wa Shakespeare tangu Mwalimu Nyerere alipotoa tafsiri yake, Mabepari wa Venisi, mwaka 1969. Theluji haikutuzuia kuelewa chochote. Nataka Scrooge wa Dar, na nataka mwandishi wake aanzie sura ya nne.

Mfu anayerudi kusema na mbia wake hatatusumbua; ndotoni marehemu wetu huja na madai yao na asubuhi watu huamka wakayashughulikia. Kazi iko kwa Bob. Filamu zote zimemfanya malaika, na kitabu chenyewe hakituambii barua anazonakili mchana kutwa ni za nini. Ofisi ya mkopeshaji huandika barua za madai. Bob wa Dar atakuwa afisa mikopo, kijana mwenye shahada aliyekosa ajira, anayepanda bodaboda kutoka Mbagala hadi Gongo la Mboto, analipwa kwa kiasi anachokusanya, na mtoto wake yuko wodini. Anasimama mlangoni kwa Caroline akijua kabisa njaa iliyomo ndani kwa sababu ndiyo aliyoiacha kwake. Hapo kuna filamu ambayo Hurst, Neame na Knight hawakuitengeneza.

Na Caroline aongee kama watu wa kwetu. Chumba kimoja Manzese, pazia katikati, chakula kimefunikwa kwa sahani. "Baba Neema, kheri au shari?" Mume anakaa kwanza. "Mama Neema, yule mzee hayupo tena." "Hayupo ofisini?" "Hayupo duniani." Anasema alhamdulillahi kabla hajajizuia, kisha astaghafirullah. Halafu anauliza swali la kila mdaiwa mwenye akili: daftari kabaki nalo nani?

Mwisho wake usiishie kwenye kuchana daftari tu, maana daftari lililochanwa halirudishi vitu vilivyokwisha kubebwa. Scrooge wetu akodi mkokoteni, na asiutume kwa kijana, aende nao mwenyewe. Arudishe kochi, godoro, cherehani na kadi ya benki ya mwalimu, nyumba kwa nyumba, mchana kweupe, majirani wakiangalia, kama walivyoangalia siku vilipochukuliwa. Wengine watamkaribisha chai na kumwimbia. Mmoja apokee cherehani yake, aikague kama sindano ipo, na amwambie anayotaka kumwambia, bila mwongozaji kumkata.